Windows 10, Windows 11 au Linux Mint: kompyuta tatu kwenye kaunta moja ya Moshi

Stationari yangu iko karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, na kaunta ina kompyuta tatu. Sikupanga ziwe tofauti. Hadi Oktoba 2025 zote zilikuwa na Windows 10. Tarehe 14 ya mwezi ule Microsoft ikaacha kuitolea apdeti za kawaida, nami kama wenye maduka wengi nilikuwa nimeahirisha mambo mpaka siku yenyewe ikapita. Novemba, kabla Wachaga hawajarudi nyumbani kwa Krismasi na kutujazia kazi za kadi za harusi, nikafanya nilichoweza. Kompyuta ya kwanza kutoka mlangoni imebaki na Windows 10. Ya katikati imepanda kwenda Windows 11. Ya mwisho, jirani na mashine ya kopi, ina Linux Mint, mfumo mwingine kabisa usio wa Microsoft. Kwa hiyo mchana wateja wakipungua naweza kukaa pembeni na kutazama kazi ileile, ya mtu yuleyule, ikifanyika kwenye sura tatu.

Anayekuja kuniuliza ahamie ipi huanza na kasi au uzuri. Kasi ina jibu lake: ongeza RAM, toa diski ya zamani weka SSD, na kompyuta kongwe itafufuka bila kubadili kitu kingine. Uzuri ni wa wiki moja. Kinachomchosha mtu aliyehama ni mkono. Karani wangu ni mzee aliyestaafu serikalini. Alianzia kwenye tapureta, kompyuta akaikuta enzi za Windows XP. Ukimwekea sura mpya anaisoma vizuri tu, lakini mkono wake unakwenda mahali kitu kilipokuwa zamani na kukuta hakipo. Binti wa kaunta amekulia kwenye simu, na anahama kutoka kompyuta hii kwenda ile siku nzima bila kuona tofauti yoyote ya maana. Mikono hiyo miwili ndiyo mizani yangu hapa chini.

Kabla ya yote, prosesa

Inawezekana uamuzi umeshafanyika bila wewe. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, haipokei kila kompyuta. Inataka RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na hayo wengi tunayo. Inataka pia kinga iitwayo TPM toleo la 2.0, pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, ukiacha chache zilizosamehewa. Laptopu za mtumba zinakwama hapo. EliteBook, Latitude na ThinkPad nyingi ninazoletewa na wateja ni za kizazi cha 4 hadi cha 7.

Kuijua yako, bofya kulia This PC, chagua Properties, usome jina la prosesa. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Namba inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi. Kuhusu TPM, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, na dirisha litakalofunguka litakuambia ipo au haipo. Wakati mwingine ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Mafundi wanajua namna ya kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye kompyuta isiyostahili. Inaingia, na inafanya kazi. Lakini Microsoft imeandika wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti, na kwangu apdeti ndiyo sababu ya kuhama. Kwa laptopu ya nyumbani ya kuangalia mpira, piga windo uendelee. Kwa kaunta inayopokea flashi za watu kutwa nzima, mimi sikuthubutu. Kompyuta yangu ya katikati ni kizazi cha 8, ikapanda. Mbili nyingine ni kizazi cha 6.

Start iliyohamia katikati

Chukua kazi tunayoifanya kila siku. Mteja anaingia na flashi yenye barua ya maombi ya kazi. Anataka tarehe ibadilishwe, nakala mbili zitolewe, cheti cha kuzaliwa kiskaniwe, kisha vyote viwe PDF na vipandishwe Ajira Portal kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Kwenye Windows 10 mzee anaianza bila kuangalia skrini. Anaitupa mausi kona ya chini kushoto, anabofya, anaandika herufi tatu za Word, anabonyeza Enter, huku anamuuliza mteja jina la kijiji kwa ajili ya anwani. Kwenye Windows 11 siku ya kwanza aliitupa mausi kona ileile, akabofya, zikamfungukia habari za hali ya hewa na picha za watu asiowajua. Ni widget, vidirisha vya habari: Start ikikaa katikati, kona ile zinapewa widget, na maudhui yake yanatoka mtandaoni, maana yake bando lako.

Kitufe cha Start kimekaa kona ya kushoto tangu Windows 95, yaani Agosti 1995. Kilipoondolewa kwenye Windows 8 mwaka 2012, watumiaji walilalamika mpaka kikarudi mwaka uliofuata na Windows 8.1. Windows 11 imekisogeza tu, na nilidhani ni jambo dogo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda ambao mkono unatumia kufikia shabaha unategemea umbali wa shabaha na upana wake. Kona ya skrini ni shabaha usiyoweza kuikosa, kwa sababu mausi ikifika pale haina pa kwenda zaidi. Katikati ya skrini hakuna cha kuisimamisha kulia wala kushoto, lazima ulenge.

Halafu safu ya ikoni za katikati hujipanga upya kila ukifungua programu. Safu inapanuka, Start inasukumwa kushoto. Ukifunga programu, inarudi. Mzee alinilalamikia kwamba kitufe kinatembea. Nikacheka, kisha nikaweka kidole kwenye skrini na kufungua Word, Chrome na programu ya skana kwa mpigo. Kilitembea kweli.

Dawa yake ni ya dakika moja: Settings, Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors, na kwenye alignment chagua Left. Hapohapo kwenye Taskbar zima widget. Baada ya hapo Start iko nyumbani na nusu ya manung'uniko ya mzee yaliisha siku hiyo. Ajabu ni kwamba binti alikataa tusiguse. Kwake katikati ndiko kulikofanana na simu. Basi nimewatengenezea watumiaji wawili, kila mmoja na paswedi yake na Start yake. Kama kompyuta moja inatumiwa na watu wa rika tofauti, hili ni la kufanya kabla hamjaanza kugombana.

Waliozoea kuweka mstari wa chini juu ya skrini au pembeni wajue kwamba Windows 11 ilipotoka uhuru huo haikuja nao. Windows 10 unao, na Mint unao pia: paneli unaihamisha upande wowote.

Bofyo la kulia

Hapa ndipo muda mwingi wa kaunta unapotelea. Kwenye Windows 10, ukibofya kulia juu ya faili unapata orodha ndefu ya maneno: kata, nakili, badili jina, futa, tuma kwenye flashi. Ni orodha iliyojaa, inayoota kila ukiweka programu mpya, lakini mtu anajua neno analolitafuta liko karibu na wapi. Windows 11 ilifupisha. Kukata, kunakili, kubandika, kubadili jina na kufuta vikawa vipicha vidogo vilivyopangwa kwa mstari. Apdeti za baadaye ndizo zilizoviwekea majina. Na mstari wa vipicha hivyo wakati mwingine uko juu ya orodha, wakati mwingine chini, kutegemea umebofyea wapi kwenye skrini, ili uwe karibu na mausi. Waliobuni walikuwa na nia njema. Mkono wa mzee hautaki ukaribu, unataka mahali pasipobadilika.

Vilivyobaki, vile vinavyowekwa na programu nyingine, vimejificha nyuma ya maneno Show more options. Shika Shift halafu ubofye kulia, na orodha ndefu ya zamani itatokea moja kwa moja. Hilo nililiandika kwa kalamu ya maka kwenye karatasi na kulibandika chini ya skrini. Karatasi bado ipo.

Mint haikuleta mabishano. Bofya kulia kwenye programu yake ya mafaili, iitwayo Nemo, unapata maneno, yamepangwa yalivyozoeleka.

Nilichojifunza hapa ni kwamba mzee hakuhangaika kunakili hata mara moja, kwenye kompyuta yoyote kati ya hizi, kwa sababu zamani mtu alimfundisha Ctrl na C, Ctrl na V, Ctrl na P. Vitufe hivyo vinafanya kazi kote kutatu. Windows na E inafungua mafaili kote kutatu. Alt na Tab inazungusha madirisha kote kutatu. Ukiwa na mfanyakazi wa miaka mingi na unajua utahama baada ya miezi sita, mfundishe vitufe leo, angali kwenye sura anayoijua. Kwangu ingeniokoa wiki mbili za makelele.

Mafaili ya watu mbele ya watu

Hili sijaona likisemwa, na kwa stationari ni kubwa kuliko Start. Menyu ya Windows 11 ina sehemu iitwayo Recommended inayoonyesha mafaili yaliyofunguliwa hivi karibuni. Kwa ofisi ya mtu mmoja ni msaada mzuri. Kwa kaunta ambayo mteja anaegemea na kuona skrini, kila unapofungua Start unamtangazia barua ya madai ya talaka uliyoichapa asubuhi, CV ya jirani yake, na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho yeye hakualikwa. Mji wetu ni mdogo.

Nenda Settings, Personalization, Start, uzime kuonyesha mafaili yaliyotumika karibuni. Windows 10 nayo ina tabia hiyo kwenye Quick access ya dirisha la mafaili, ila haikuwa usoni namna hii. Mint pia inakumbuka mafaili ya karibuni, na kuzima ni kwenye System Settings, sehemu ya Privacy. Kompyuta yoyote utakayochagua kati ya tatu, hili lifanye siku ya kwanza, kabla ya kuweka picha ya Kilimanjaro kwenye skrini.

Windows 11 inaposhinda

Nisiwe kama mtu mwenye kinyongo. Peleka mausi juu ya kile kitufe cha kukuza dirisha, au bonyeza Windows na Z, utaona michoro ya namna ya kugawa skrini. Chagua nusu kwa nusu: cheti kilichoskaniwa kushoto, Word kulia, unachapa huku unasoma. Windows 10 inaweza kugawa skrini pia, kwa kuburuta dirisha mpaka ukingoni au kwa Windows na mshale, na Mint vilevile, lakini lazima ujue kwamba jambo hilo lipo. Windows 11 inakuonyesha. Mzee, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiprinti karatasi ili ainakili upya kwa macho, aliacha kuprinti. Karatasi tulizookoa sizihesabu, ila ni nyingi.

Dirisha la mafaili nalo lilipata vichupo mwaka 2022, kama brauza. Flashi ya mteja kwenye kichupo kimoja, folda ya siku kwenye kingine. Windows 10 haina. Mint inavyo tangu zamani.

Upande wa chini kulia, intaneti, sauti na betri vimekuwa kitufe kimoja. Unazoea siku ya pili.

Kama unaiweka upya kutoka mwanzo, Windows 11 ya Home na ya Pro inataka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuisimika. Usianze ukiwa na bando la mwisho wa wiki na umeme wa wasiwasi.

Mint, ndugu wa kambo anayefanana na baba

Linux Mint ilianza mwaka 2006. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na linahudumiwa hadi 2029. Ni ya bure kabisa, kwa hiyo ile biashara ya kukraki, ambayo mara nyingi ndiyo mlango wa virusi vyenyewe, haipo. Kuipakua ni karibu GB 3, wakati Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Inatosheka na RAM ya GB 2, ingawa wenyewe wanashauri 4. Unaiweka kwenye flashi na kuijaribu hapohapo bila kugusa kilichomo kwenye diski; ukiridhika ndipo unaisimika. Nilichukua ile yenye sura ya Cinnamon. Kwa kompyuta dhaifu zaidi kuna Xfce.

Kichekesho ni kwamba kati ya sura mbili mpya, iliyo karibu zaidi na Windows ya mzee ni hii. Menyu iko kona ya kushoto chini. Saa iko kulia chini. Kitufe cha kufunga dirisha kiko kulia juu. Siku ya kwanza mzee alikaa, akatupa mausi konani, menyu ikafunguka, akaendelea na kazi. Aliniuliza tu kwa nini rangi imekuwa ya kijani.

Matatizo yalikuja baadaye, na yalikuja pale ambapo sura inafanana lakini tabia ni tofauti. Mzee hufunga skrini kwa Windows na L akienda kunywa chai. Kwenye Cinnamon vitufe hivyo vinafungua dirisha la wataalamu la kukagua mfumo, limejaa maandishi ambayo hata mimi siyasomi. Alidhani ameharibu kompyuta, akaondoka bila kusema. Kufunga skrini ni Ctrl, Alt na L. Unaweza kubadili kwenye mipangilio ya kibodi, na ndivyo nilivyofanya jioni ileile.

Flashi ni jambo zito zaidi. Linux ikinakili faili kwenda kwenye flashi inaweza kulishikilia kwanza kwenye RAM, kisha ikaliandika taratibu. Mstari wa kunakili unaisha, wewe unaona kazi imekwisha, kumbe data bado iko njiani. Windows 10, tangu apdeti ya 2018 iitwayo 1809, imepangwa ili flashi ichomolewe haraka bila madhara makubwa. Mkono uliozoea hivyo utachomoa. Tulimpa mama mmoja wa Kiboriloni flashi yenye ripoti ya kikundi chake cha vikoba. Alipofika kwenye kikao faili halikufunguka. Alirudi akiwa mpole, na upole wake ulinitesa kuliko angepiga kelele. Kosa lilikuwa letu: kwenye Mint bofya ile alama ya kutoa flashi, subiri ujumbe wa kuruhusu, ndipo uchomoe. Sheria hiyo sasa iko kwenye karatasi nyingine ya maka.

Na flashi hiyohiyo ndiyo sifa kuu ya Mint kwangu. Anayefanya kazi hii anavijua vile virusi vinavyogeuza folda zote za mtu kuwa shotikati. Kwenye Windows lazima uwe macho kila flashi inapoingia. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Mint vinalala tu kama mafaili mengine. Unaona folda halisi zilizofichwa, unaviona vilivyojipachika, unavifuta, unamrudishia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika tasnifu yake aliyokuwa ameshaililia. Sasa flashi yoyote ngeni inaanzia kompyuta ya mwisho. Hata kama ningerudisha zote kwenye Windows, moja ya Mint ningeibakiza kwa kazi hiyo peke yake.

Word ndiyo sehemu chungu. Word yenyewe haisimikwi kwenye Mint. Kuna LibreOffice, inayokuja nayo. Barua ya kawaida inafunguka sawasawa. Iliyoandikwa kwa Times New Roman, Calibri au Cambria inapewa fonti mbadala zenye upana uleule, kwa hiyo mistari haihami. Shida ni dokumenti za Word mpya zinazotumia Aptos, fonti ambayo Microsoft ilianza kuifanya ya kawaida mwaka 2023. Hiyo ikikosekana, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na mistari miwili, na mteja anakutazama kana kwamba umemwongezea gharama makusudi. Majedwali yenye picha ndani nayo huyumba. Tumekubaliana kwamba kazi ya Word inayopaswa kurudi kwa mwenyewe ikiwa Word haifanyiki kwenye Mint. Ya kuprinti tu, mwombe mteja PDF. Sura ya LibreOffice unaweza kuikaribisha kwenye ile ya Word: menyu ya View, User Interface, uchague Tabbed.

Printa jaribu kwanza, ukiwa bado kwenye Mint ya flashi. Nyingi za HP na mashine kubwa za kopi zinazoelewa PostScript, lugha ya printa, hazisumbui. Printa ndogo za bei ya chini zinazotegemea programu ya Windows zinaweza kukugomea kabisa.

Kuhusu Ajira Portal, HESLB, NIDA na WhatsApp ya kwenye brauza, hakuna cha kulinganisha. Chrome ni Chrome na Firefox ni Firefox kote kutatu, na ukipima siku ya stationari utakuta sehemu kubwa iko humo. Kazi ya yule mteja wa barua ya maombi, kuanzia kuskani mpaka kupandisha, binti anaimaliza kwa muda uleule kwenye kompyuta yoyote. Mzee anaichelewesha kidogo kwenye ya katikati, si kwa kuchapa bali kwa kutafuta faili alilolihifadhi.

Kubaki ulipo

Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba 2025. Inawaka, inaprinti, inafanya kila kitu. Ilichopoteza ni kuzibiwa mashimo. Microsoft imetoa muda wa nyongeza wa apdeti za usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026: unalipa dola 30, au hulipi kitu ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, au unatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Lazima iwe toleo la 22H2. Kwa taasisi ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hupanda maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu.

Hapa mkono haulipi chochote, ndiyo maana njia hii inavutia. Nami nimeichukua kwa kompyuta ya mzee, na nimemwambia ni ya muda. Ukibaki bila nyongeza hiyo, angalau kompyuta ile isipokee flashi za watu na isifunguliwe benki.

Nani aende wapi

Shemeji yangu ana ofisi ndogo ya safari Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Watu watano, Outlook kutwa, Excel zenye fomula za bei za hifadhi, na programu ya mahesabu ya Windows. Nilimwambia Windows 11 bila kusitasita, na mbili zilizoshindwa vigezo abadilishe kompyuta. Angehamia Mint angeokoa fedha ya kompyuta na kuimaliza kwenye Excel. Nilimsihi jambo moja tu: asibadilishe sura ya kompyuta kati ya Juni na Septemba, wageni wakiwa wamejaa na kila barua pepe ikiwa na pesa ndani. Kwetu stationari msimu wa kuogopa ni wa maombi ya mikopo ya wanafunzi.

Mwanafunzi mwenye laptopu ya kizazi cha 4 ambayo kazi yake ni kusoma PDF, kutafuta mtandaoni na kuandika kazi za darasani: Mint, na awasilishe kwa PDF. Anayesomea uhasibu aulize kwanza programu ya darasani ni ipi.

Mwenye stationari ya kompyuta moja tu, yenye kizazi cha 8 au zaidi: Windows 11, Start kushoto, Recommended imezimwa, widget zimezimwa. Mwenye mbili: moja hivyo, nyingine Mint ya kupokea flashi.

Mzee yeye nilimuuliza wiki iliyopita, muda wake wa nyongeza ukiisha anataka ahamie ipi, ya katikati au ya mwisho. Kompyuta yake haipandi kwenda 11, kwa hiyo lilikuwa swali la kiti. Akasema ya mwisho, ila Word ya katikati ihamishwe pale. Nikamweleza haiwezekani. Akafikiri, akavaa miwani, akaniomba nimsogezee meza yake ili kiti chake cha ofisi chenye magurudumu kifike kompyuta zote mbili bila yeye kusimama. Jumamosi fundi seremala anakuja kukata kaunta.